Vifaranga Waliokufa Wameshiba

9 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Nakusalimu, na nyumba nzima inakusalimu. Mkaza mjomba wako yuko na cherehani yake asubuhi hadi jioni. Ameshona sare za shule mpaka kidole kimeota sugu, na kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni ulichomletea bado hataki kukivaa. Mama yako alikuja hapa wiki mbili zilizopita, akang'olewa jino, akashinda siku nzima kimya. Huyo ni dada yangu, nimekua naye, na sikuwahi kumwona kimya siku nzima. Masikio yangu ni yale yale. Injini ya pampu ilishayamaliza, na simu kwangu ni kama kipande cha sabuni, naishika shavuni tu na sipati kitu. Utanivumilia kwa barua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Vifaranga wangu wa samaki wanakufa. Huu ni mkupuo wa tatu. Wanaanguliwa vizuri, wanaogelea, chakula wanakigombania kama watoto kwenye sinia. Siku ya kumi na tano au kumi na sita matumbo yanaanza kuvimba na migongo inakonda inabaki kama sindano. Siku mbili baadaye wanaelea. Nimempasua mmoja kwa wembe. Ndani nimekuta chakula nilichompa asubuhi, kiko vile vile. Mpwa wangu, hawa wanakufa wameshiba.

Unajua watu wa huku wote wanachukua mbegu ya perege kwangu. Ni mwaka wa kumi na tisa huu. Siku hizi wanakuja na ndoo zao na kurudi nazo tupu, na wawili tayari wamenishauri niyafukie mabwawa nipande mboga. Sifukii.

Maji ya kisima yameongezeka chumvi, hilo kila mtu analijua, hata sisi tulishaacha kuyapikia. Lakini ulipokuja mwaka juzi uliyaonja ukasema perege ni mvumilivu, chumvi ile haimsumbui. Kwa hiyo maji nimeyaweka kando. Ninachoshuku ni chakula. Nimekufungia kopo moja. Kipime, kisha unipe karatasi yenye mhuri inayoeleza kilichomo. Mhuri usiusahau.

Mjomba wako.


3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika, na kopo limefika likiwa limepondeka upande mmoja lakini halikumwagika. Mimi ni mzima. Chumba changu kimepakana na karakana ya seremala, kwa hiyo naamka kwa msumeno kila siku na sihitaji saa. Mwambie mkaza mjomba kwamba gauni la kijani limepata sifa hapa kazini. Niliposema limeshonwa na mtu wa nyumbani, mkuu wa maabara hakuamini.

Kuhusu mama, amenipigia simu mwenyewe kunieleza habari za jino. Ametumia dakika arobaini. Amepona.

Chakula nimekipeleka kwenye vipimo, kitachukua wiki chache. Wakati huo huo naomba kitu kingine. Nijazie chupa ya maji, lakini si ya kisimani. Chota kwenye lile bwawa dogo la vifaranga, uizamishe chupa mpaka chini, uifunge ikiwa bado ndani ya maji. Nyingine ijaze kisimani. Uandike kila moja imetoka wapi.

Na mimi naanza kitu kidogo hapa. Nimeomba matangi manne ya kioo yaliyokuwa yamewekwa stoo. Nitaweka vifaranga kwenye kila moja, chumvi nitaipandisha tangi moja hadi jingine, chakula kiwe kile kile. Mkuu wa maabara amenikumbusha kwamba kazi yangu ni samaki wakubwa, hawa wadogo si shughuli yangu. Nimemwambia nitawahudumia saa za chakula cha mchana. Ameguna. Nimechukua kule kuguna kuwa ndiyo.

Swali moja tu, Mjomba. Mhuri wa nini? Chakula bado unachanganyiwa na Chekecheke, au umebadilisha? Kama ni yeye, basi nisalimie sana. Nakumbuka alivyokuwa akichekecha unga mara mbili mbili mpaka wateja wanasinzia kwenye benchi, na jina likamganda.

Mpwa wako.


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Chupa hizo hapo mbili, nimezifunga kwa kitambaa zisigongane. Yenye uzi mwekundu ni ya bwawa.

Mkupuo wa nne umekwenda. Nilipunguza chakula nikidhani labda wanakula kupita kiasi. Wakafa vile vile, tofauti ni kwamba wamechelewa siku mbili.

Chakula kinatoka pale pale kinapotoka siku zote. Mhuri ni wa kazi yangu.

Hapa wote wazima.

Mjomba wako.

*(Kikaratasi kilichokunjwa ndani ya bahasha hiyo, kwa mwandiko mwingine.)*

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Amenipa barua niibandike, nami naongeza langu bila yeye kujua, maana nimeona umemuuliza habari za Chekecheke na yeye amepita pembeni.

Mwezi wa kwanza, mkupuo wa pili ulipokufa, mjomba wako alijaza vifaranga waliokufa kwenye sahani, akaenda nayo mpaka kwenye kinu cha kusaga cha Chekecheke. Ilikuwa siku ya watu wengi. Akaiweka ile sahani juu ya mzani, akamwambia mbele za watu kwamba anachanganya mchanga kwenye chakula ili magunia yawe mazito. Unajua mjomba wako asivyojisikia anapoongea. Waliokuwa barabarani nao walisikia. Chekecheke aliiondoa sahani, akaufuta mzani kwa kitambaa, akaendelea kupimia mtu aliyefuata.

Tangu siku ile hajaingia kwetu. Lakini kila Jumatatu gunia la chakula nalikuta getini, limefungwa vizuri. Analileta mwenyewe na kuondoka. Mjomba wako analibeba na kuliingiza ndani. Karatasi ya mhuri anaitaka akamwonyeshe watu wakiwepo.

Fanya utakavyoona. Mimi nimechoka kuliona gunia lile.


18 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Najua ulitegemea jibu mwezi uliopita. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, pampu za hewa zikasimama, nikaja kazini nikakuta matangi yote manne yamekuwa meupe kwa matumbo ya vifaranga waliogeuka. Kazi ya wiki tatu. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikala maandazi mawili, kisha nikayaosha matangi nikaanza upya. Safari hii nimeomba betri ya gari kwa seremala jirani yangu, nayo iko chini ya meza tayari.

Mama yuko salama. Anasema umeacha kumjibu salamu anazokutumia. Mjibu.

Majibu ya chakula yametoka, na karatasi yenye mhuri imo humu. Nakueleza kwa maneno yangu usije ukaisoma haraka haraka. Chakula ni kizuri. Hakina mchanga hata chembe, hakina ukungu, dagaa na pumba vimo kwa kiwango kinachotakiwa, na unga wake ni laini kuliko tunaotumia sisi hapa. Nimelinganisha mara tatu. Huyu mtu anajua kazi yake, na hakuiba.

Maji nayo nimeyapima. Kisima chako kina gramu kumi na moja za chumvi kwa kila lita. Bwawa la vifaranga lina kumi na saba. Ni maji yale yale, ila bwawa lile halina kina, jua linayanywa maji na kuiacha chumvi, nawe unaongezea maji mengine ya chumvi juu yake. Kumi na saba, Mjomba, ni karibu nusu ya bahari.

Ni kipi hasa kinachowaua, sijakiona kwa macho yangu bado. Nina ninaloshuku, ila sitaki kulisema kabla ya kuliona. Usiweke vifaranga wengine bwawani kwa sasa.

Mpwa wako.


2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Wiki sita zimepita bila jibu. Mwanzoni nilidhani barua imepotea. Kisha mkaza mjomba akamwambia mama kwa simu kwamba ilifika, uliisoma umesimama, ukaiweka chini ya mto. Basi nakuandikia tena, na hii naomba uisome umekaa.

Nimeona kinachowaua.

Vifaranga wa siku kumi miili yao ni kama kioo, ukimweka mmoja chini ya hadubini unaona mpaka moyo unavyopiga. Nikachukua chakula cha Chekecheke, nikakitia rangi nyekundu ya kupikia keki ili nikifuate kinakokwenda. Nikawapa saa mbili asubuhi, matangi yote kwa wakati mmoja. Kwenye tangi la maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kufikia saa sita chakula kilikuwa uji mwekundu unaoteremka taratibu kwenye utumbo, na saa tisa kilikuwa kimebaki kivuli. Kiliingia mwilini. Tangi la gramu sita halikuwa na tofauti kubwa. La kumi na mbili, wakaanza kusuasua. Kwenye tangi la kumi na nane, lililo karibu na bwawa lako, chakula kiliingia kikakaa. Tumbo likavimba kwa maji. Vile vipande vyekundu vilikuwa vinaelea humo kama mahindi kwenye sufuria isiyo na moto, na jioni vikatoka kama vilivyoingia.

Kwa nilivyoelewa, ni hivi. Kwenye chumvi nyingi mwili wa samaki unapoteza maji yake, hivyo anakunywa bila kupumzika ili kufidia. Akishakunywa inambidi aitoe chumvi aliyoimeza, na kazi hiyo inamla nguvu. Samaki mkubwa anaimudu. Kifaranga bado utumbo wake haujakomaa. Zile juisi za kumeng'enya chakula anazo chache, na hizo chache nilipozipima kwenye tangi la nne zilikuwa hazifiki nusu ya zile za tangi la kwanza. Kwa hiyo anakula, anashiba, na anakufa njaa. Nimerudia mara tatu. Majibu ni yale yale.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu Machi. Ulipoandika kwamba maji umeyaweka kando kwa sababu yangu, nilisoma mstari ule nikaruka kwenda kwenye habari za chupa. Mwaka juzi nilikuja kwako na cheti changu kipya, nikachovya kidole kisimani, nikaonja, nikatoa hukumu. Sikupima. Na nilichokuwa nakijua kilikuwa habari za samaki wakubwa, vifaranga sikuwa nimewasoma. Nilikosea, Mjomba. Mikupuo minne imekufa kwa neno langu, na mtu mwingine amebebeshwa lawama. Ninajua habari za sahani na mzani. Usiulize nani kaniambia.

La kufanya ni hili. Vifaranga usiwaweke tena kwenye bwawa lile. Kinga maji ya mvua kwenye matangi, uchanganye sehemu mbili za mvua na moja ya kisima, uwalee humo wiki sita za mwanzo, na uyafunike juu jua lisiyanywe. Chakula uwape kidogo kidogo mara sita kwa siku. Baada ya hapo uwazoeshe, kila siku unaongeza ndoo ya kisima, kwa siku kumi na mbili, ndipo wahamie bwawa kubwa. Hilo lina kina na chumvi yake haipandi kama ya lile dogo. Hapa kwangu waliopitishwa njia hii wamepona karibu wote. Kwako sijui, na safari hii nasema sijui.

Mpwa wako.


11 Agosti

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba, mara mbili, kwa barua mbili.

Mama yako nimemjibu. Mkaza mjomba wako mzima, na sihitaji kuuliza nani alikuambia, nyumba hii ina watu wawili na mmoja ni mimi.

Ile karatasi ya mhuri niliiweka chini ya mto, ni kweli. Nilikuwa nimeitaka iniambie kitu, ikaniambia kingine. Kila nilipojilaza naihisi inavyokwaruza. Nikajiambia labda umekosea vipimo, labda kopo lilibadilika njiani. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Kisha ikaja barua yako ya Julai, nikafika pale ulipoandika nilikosea. Umeliandika kwa wino, kwa mjomba wako, na hakuna aliyekushika mkono. Nikaona aibu. Wewe ulitia kidole majini tu. Mimi nilitia mzani wa mtu aibu mbele za watu.

Nilikwenda kinuni alfajiri, kabla hajaja mteja. Chekecheke alikuwa anafagia. Nikamwambia yote: chakula chako kilikuwa kizuri, maji yangu ndiyo yaliyoharibika, nilikusingizia, naomba unisamehe. Nikamwekea karatasi mezani. Aliisoma yote, hata ule mhuri aliusoma. Kisha, kwa kuwa anajua sisikii, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la unga lililokuwa juu ya meza: SAA NNE. Akaendelea kufagia.

Nilisimama pale kama mjinga nikijiuliza saa nne kuna nini. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikaelewa. Saa nne ndiyo kunakuwa na watu.

Nilirudi saa nne. Palikuwa na watu kumi na mmoja, watatu kati yao walikuwepo siku ile. Nikasimama karibu na mzani, nikasema, "Mwezi wa kwanza nilisimama hapa nikamwita huyu mwizi. Nilisema uongo. Mwenye kosa ni mimi." Watu waliangalia chini. Mama mmoja aliniambia kitu sikukisikia, lakini uso wake haukuwa mbaya. Chekecheke alimpimia mtu unga wake mpaka mwisho, akafunga gunia, ndipo akanitazama. Akaniwekea mkono begani, kama unavyoweka mkono kwenye mlango ambao hujui kama umefungwa. Akauondoa.

Sikutegemea zaidi ya hapo. Jumatatu iliyofuata gunia halikuwa getini, nikasema basi, ndiyo imekwisha. Kumbe alikuwa ameingia nalo ndani mpaka jikoni, na mkaza mjomba wako alikuwa anamtilia chai.

Mifereji ya paa nimeielekeza yote kwenye matangi. Nina matangi matatu, moja la chuma, mawili ya plastiki, na mvua ya wiki jana imeyajaza mawili. Mkaza mjomba wako ameshona magunia kuwa mapazia ya kufunikia. Kesho naweka vifaranga mia nne. Mikupuo minne haikuwa kosa lako peke yako. Kisima nilikuwa nakionja kila siku, na ulimi wangu nilikuwa nao.

Mjomba wako.


6 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Haraka haraka, maana nakimbilia basi. Jana ulikuwa mkutano wetu wa mwaka, nami nikapewa robo saa kueleza habari za matangi manne. Nilianza na kisima na kidole. Mkuu wa maabara alikuwa amenishauri nisianze hivyo, kwamba hakuna anayefungua mkutano kwa kujivua nguo. Nikamwambia bila hilo watu hawatajua kwa nini nilipima. Nilipomaliza, mfugaji mmoja mwanamke kutoka ukumbini akasimama akauliza, "Wangu nao wanavimba matumbo siku ya kumi na tano. Ulisema sehemu mbili za mvua?" Akaandika kwenye kiganja. Baada yake wakasimama wengine wanne.

Matangi sasa ni kumi na mawili, na nimeruhusiwa kuyahudumia saa za kazi.

Wako vipi? Niandikie hata kama ni mabaya.

Mpwa wako.


17 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima wote. Mama yako yuko hapa na anaongea.

Wakati wa kulea walikufa ishirini na sita kati ya mia nne. Nilihesabu kila mmoja, na kila mmoja nilimpasua. Matumbo yalikuwa safi, waliobaki walinenepa. Nimewalisha mara sita kwa siku mpaka mkaza mjomba wako akasema hata siku za ndoa yetu sikuwahi kumkumbuka yeye mara sita kwa siku. Chekecheke anachekecha chakula chao mara tatu kiwe laini zaidi. Siku ya kuanza kuwazoesha, ndoo ya kisima niliimimina kikombe kwa kikombe.

Jana tumewahamisha. Tulikuwa watatu, mimi na Chekecheke tumeshika wavu, mkaza mjomba wako na beseni. Walipoingia bwawa kubwa walijikusanya pembeni, hawakusogea. Nilikuwa na kopo la chakula mkononi na sikuthubutu kulifungua. Niliogopa kuwaona wakila, maana wale wa kwanza nao walikula. Mwishowe Chekecheke akalichukua kopo kutoka mkononi mwangu, akalifungua, akanirudishia. Akasema kitu. Nilikisoma mdomoni mwake. "Wape."

Nikawapa. Wakala.

Leo nimeamka kabla ya wote, nikaenda bwawani peke yangu. Nimelizunguka mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Nikachukua fimbo, nikasogeza majani yaliyoangukia ukingoni, nione kama kuna kilichojificha chini yake. Hakuna hata mmoja anayeelea, Maswali. Maji yametulia tu. Nimekuja moja kwa moja kukuandikia, hata uso sijaosha.

Mjomba wako.